D ya Syokau

Gari lilikuwa halijatoka steji ya Machakos, na mama aliyekuwa akisuka kiondo mbele yangu alishamwonyesha jirani yake matokeo ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, kwenye simu. Nilichungulia nami: Syokau Munyao, Kiswahili B, Hesabu D. Yalikuwa yake mwenyewe, na miaka yake arobaini na sita, na uso kama wa bibi harusi.

"Kata rufaa, mwaitu," jirani akaamuru, akimwita "mama" kwa Kikamba. "Wasahihishe upya hiyo Hesabu."

"Aiyaa! Maswali sita sikugusa. Wakiangalia tena, watagundua hata hii D ni ya huruma."

"Basi rudia."

"Mwaka huu binti yangu pia anafanya mtihani huo. Ameshaniambia tukikaa chumba kimoja nisimpanguse uso mbele ya wenzake."

Gari zima likacheka, na mimi niliyejifanya nimelala nikacheka kuwashinda. Jirani hakuchoka. Rufaa, rufaa, ungedhani sheria za mitihani alizitunga yeye.

Tulipofika Masii gari likasimama. Syokau akashuka na kiondo chake, bado hajaamua. Jirani akatoa kichwa dirishani.

"Mwaitu! Mimi shule niliachia kidato cha pili. Kujiandikisha kunafungwa lini?"