Mikono ya Kwenye Video

Muuguzi hakuwa mmbea, ila alikuwa amekaa kwenye treni akitazamana na msusi mmoja na baba aliyempakata bintiye, naye masikio hakuyaacha nyumbani.

"Umemsuka mwenyewe?" msusi alimwuliza yule baba, akizitazama nywele za mtoto.

"Mwenyewe, dada. Mama yake alipofariki, nilijifunza kwenye simu." Akafungua video amwonyeshe. Alianza msichana mrembo akitabasamu, kisha ikaja mikono ikisuka polepole, yenye kovu kwenye kidole gumba.

Msusi aliinamia simu. "Uso ni wa yule binti. Mikono ni yangu." Akanyoosha kidole gumba, na kovu likawa pale pale. Muuguzi, ambaye ameshona majeraha mengi, aliridhika kwamba kovu ni lile lile.

"Sasa mbona waliorekodi hawakukuonyesha wewe?"

"Walisema sura ya mtu mzima haivutii watazamaji."

"Basi fungua ukurasa wako!"

"Kaka yangu, nani ataangalia uso huu?"

"Mimi hapa. Mikono yako nimeirudia mpaka simu inapata moto. Yule binti huwa namruka."

"Wewe mmoja tu."

"Na mwanangu, wawili."

Msusi alicheka huku akitikisa kichwa, na hakuna aliyejua kama amekubali au amekataa, maana treni ilishasimama kituoni kwake. Alipoinuka, mtoto alikikamata kile kidole gumba, kisha taratibu akainua macho, aone ni cha nani.