Nusu ya Pili ya Methali

Brussels, ukilia kwa Kiswahili ndani ya tramu, hukosi ndugu. Mama wa Bukavu aliyekaa mbele yangu, bado na sare ya kulelea wazee, alipata mzee mmoja wa Lubumbashi.

"Mwenye kuniandikia si Papa, tonton," alimwambia, akimwonyesha simu yenye ujumbe wa jina la baba yake. "Papa hajibu mutu bila proverbe, bila methali. Hata siku tulizika mama alitupa tatu. Leo anaandika tu, 'Niko bien.' Iko mutu amekamata simu yake."

"Maman, woga inaweza kumaliza mutu maneno. Pengine amejificha, na vita iko kule Bukavu."

Wakabishana vituo viwili. Changu nilikipita.

"Bon," mzee akasema, "mutumie nusu ya proverbe. Kama ni yeye, ataimaliza. Siye wazee hatuwezi kuiacha katikati."

Hilo ni kweli. Mjomba wangu humalizia hata za redioni.

Mama akaandika nusu ya ile aliyofundishwa na baba yake utotoni. Alama mbili za ujumbe kusomwa zikageuka buluu. Tukangoja sote watatu, ingawa mimi sikualikwa.

Jibu likaingia, akalisoma kwa sauti: "Sawa, mutoto. Uko wapi sasa?"

"Anakuuliza tu, kama muzazi," mzee akasema, lakini sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Tonton, niko huku onze ans, miaka kumi na moja. Papa mwenyewe alinisindikiza aéroport."

Tramu ikasimama kituo cha mwisho, milango ikafunguka. Hakuna aliyeshuka kati yetu. Kwenye simu, mtu yule alikuwa bado anaandika.