Selestini Butoyi, Aliyezaliwa Mwaka 1988

Baba Padri, ndugu waombolezaji, na ninyi wageni wa viti vya mbele mliowasili jana kwa ndege, ninayesoma ni Genoveva Bukuru, pacha wa marehemu, na niliombwa usiku na Bwana Rodgers, aliyekuwa meneja wa timu ya taifa ya vijana, nisome mwaka wa kuzaliwa atakaonipa yeye, kwa kuwa mwezi ujao anagombea uongozi wa mpira na hataki mambo ya kale yafukuliwe.

Marehemu Selestini Butoyi alizaliwa Kagunga tarehe 9 Agosti 1988, mtoto wa Mzee Jeremia na Mama Veneranda, akanifuata mimi tumboni, ndiyo maana nikaitwa Bukuru naye akaitwa Butoyi, majina ambayo kwetu Waha na kwa majirani zetu wa Burundi hupewa mapacha tu, wa kwanza na wa pili.

Alisoma shule ya msingi kijijini kuanzia mwaka 1996, akamaliza darasa la saba mwaka 2002 akiwa na miaka kumi na minne, ingawa kwa hesabu za wakubwa wa mpira alimaliza akiwa na miaka kumi, na katika wasomi wote wale waliovaa suti hakuna aliyeshtuka.

Baada ya hapo alibeba dagaa mwaloni Kibirizi, boti za uvuvi zinapotia nanga, jioni akidakia timu ya wapagazi, na huko ndiko Bwana Rodgers alikomwona mwaka 2007, akamchukua kwenda timu ya taifa ya vijana chini ya miaka kumi na saba, akamkata miaka minne kama fundi anavyokata suruali, lakini jina akaliacha vilevile, kwa sababu alikuwa mtu wa kuja na hakuona haja ya kumuuliza yeyote hapa maana yake.

Mtaniwia radhi nikiitaja na rekodi ya timu yenyewe, maana wageni wetu wameichapa kwenye fulana walizovaa: ilitoka nje ya nchi mara mbili, safari ya kwanza ikashika mkia, safari ya pili, mwaka 2008, ikaenda Bujumbura, ambako kaka yangu alipangua penalti mbili na timu ikapata ushindi wake pekee, na fulana inasema "ilishiriki", neno zuri sana kwa watu wasio na la kusema.

Siku ile tulivuka kwa boti kutoka Kagunga kwenda kumwona, mimi nikiwa na mwanangu mgongoni, na filimbi ya mwisho ilipolia wenyeji walisoma jina lililoandikwa mgongoni mwake, wakaanza kumuuliza kwa kelele, "Bukuru ari hehe?", yaani Bukuru yuko wapi, naye akatazama benchi, Bwana Rodgers akamtikisia kichwa, kaka yangu akajibu kwamba hana pacha. Mama, ambaye kwake kumkana pacha ni kuita mauti nyumbani, alisimama akanyanyua mkono wangu, akasema, "Nimewazaa siku moja, Bukuru ni huyu," umri wangu ukaumbua wake, na kesho yake timu ikafukuzwa na ushindi ukafutwa.

Bwana Rodgers alisema amedanganywa na mtoto wa kijijini, akapandishwa cheo, na kaka yangu akafungiwa maisha, akarudi mwaloni kubeba dagaa.

Tarehe 16 Julai 2011 alifunga ndoa na Edina hapa Mwanga, wakajaliwa watoto wawili, Feliksi na Esther. Mwaka 2023 alianza kusumbuliwa na figo, tukampigia simu Bwana Rodgers mara nyingi, akawa mkutanoni, na nadhani mkutano huo umeisha jana alipopanda ndege kuja kupiga picha na jeneza. Selestini alifariki tarehe 3 Juni 2025, akiwa na miaka thelathini na sita, mikono yangu ikiwa chini ya kichwa chake, na kwa kweli sijui nitaishi vipi nikiwa mmoja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Mwanga, na wapagazi wa Kibirizi waliolibeba jeneza kwa zamu bila kuombwa. Wageni wetu tunawashukuru kwa msalaba wa marumaru wenye mwaka 1992, watauona kwenye gari lao, hatukuushusha, kwani fundi Isaka ametuchongea wa mninga wenye mwaka tuliozaliwa.

Pumzika kwa amani, Butoyi, na huko wakikuuliza Bukuru yuko wapi, jibu mwenyewe, usitazame benchi.