Bibi Nyanzala Hakutaka Kusifiwa

Wasikilizaji wapendwa, habari za Jumapili. Kabla sijasema lolote, naapa. Yote mtakayoyasikia leo ni kweli tupu. Naapa kwa kofia yangu ya kazi niliyostaafu nayo, naapa kwa kipaza sauti hiki kilicho mbele yangu. Shahidi wangu ni fundi mitambo wetu, Denis, ingawa namwona anatikisa kichwa.

Kwa nini naapa? Kwa sababu marehemu wa leo aliacha sharti. Alisema hivi: "Mkinitangaza redioni, msinisifu uongo. Akisema uongo mtangazaji, alipe jogoo." Jogoo mmoja, wapendwa. Wa supu ya arobaini yake, Jumamosi ijayo. Jogoo gani, tutafika. Na mwamuzi alimwacha. Ni mama Épiphanie wa Kawajense, muuza maharage sokoni, ambaye sasa hivi ameketi nyumbani kwake, redio mbele yake, simu mkononi. Karibu sana, mama Épiphanie. Utachoka kusubiri.

Tunamkumbuka Malini Stutzman. Mmarekani. Miaka sabini na tisa. Mkazi wa Kawajense, hapa Mpanda, kwa miaka kumi na miwili. Narudia kwa aliyekuwa anatafuta betri: Malini Stutzman, Mmarekani, miaka sabini na tisa, wa Kawajense. Wengi mlimjua kwa jina la Bibi Nyanzala.

Alikuja na kikundi cha kanisa kupaka rangi madarasa. Wiki tatu tu. Alitoka jimbo la Ayowa, na kule, alivyosema mwenyewe, ukipanda juu ya paa unaona mahindi mpaka macho yachoke. Siku ya pili wakampeleka Sibwesa kutembelea mashamba. Akashuka kwenye gari, akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Akasema, "Nimesafiri siku tatu kuja kuangalia mahindi."

Huyo ndiye Bibi Nyanzala. Kuna watu wanaamka na njaa. Yeye alikuwa anaamka amekereka.

Jina alipewa na Machibya, yule mfugaji aliyehamia huku na ng'ombe wake kutoka Usukumani. Kwao Nyanzala ni mtoto aliyezaliwa wakati wa njaa. Bibi alifika kwa Machibya saa nane mchana, na salamu yake ya kwanza ilikuwa, "Hapa mnakula saa ngapi?"

Wiki tatu zikaisha. Wenzake wakaondoka. Yeye alikuwa kitandani kwa Épiphanie, malaria imemlaza. Alipopona, binti yake Beti akapiga simu kutoka Ayowa: mama, rudi. Épiphanie naye akamuuliza, "Dada, hurudi kwenu?" Épiphanie familia yake ilitoka Burundi, yeye amekulia makazi ya wakimbizi ya Katumba, mambo ya kurudi na kutorudi anayajua. Bibi akamjibu, "Mume wangu alikufa. Kule nilikuwa nagombana na televisheni, haijibu. Hapa nikifungua mdomo kuna mtu ananijibu, hata kama anajibu ujinga." Akapanga chumba cha uani. Basi.

Miaka thelathini na moja alikuwa dereva wa basi la shule. Nawakumbusha hilo kwa sababu kijiwe cha kahawa hakikuwahi kulikumbuka. Kila taarifa ya habari kuhusu Marekani ikitoka, watu wanamgeukia. "Bibi, mbona nchi yenu imefanya vile?" Anaweka kikombe chini. "Mimi nilikuwa naendesha basi la shule. Hakuna aliyeniuliza." Wakati wa uchaguzi wa kwao ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Wanaotaka kuongoza wana umri wangu," alisema. "Mimi naanguka nikivaa soksi."

Msifikiri sisi alituacha. Mkutano wa mtaa kuhusu bomba la maji uliitishwa saa tatu asubuhi. Saa tatu kasoro dakika tano Bibi yuko pale na kigoda chake. Yeye na mbuzi mmoja. Mwenyekiti akafika saa sita kasoro. "Ah, Bibi, umewahi."

"Sikuwahi. Nimefika. Nyie ndiyo mnaishi kesho."

Hilo lilikuwa neno lake la kutukana, kesho. Akilisikia anashika kiuno. "Fundi kesho, maji kesho, Hilari kesho. Mimi nina miaka sabini na kitu. Kesho nitaipata wapi?"

Kanisani alikaa benchi la tatu, saa mkononi. Siku moja mahubiri yalipofika dakika ya hamsini, akasimama. Mchungaji akafurahi. "Bibi yetu anataka kushuhudia."

"Nataka kwenda msalani, mchungaji. Nina miaka sabini na tano. Umebakiza hoja ngapi?"

Zilikuwa zimebaki nne. Siku ile tulisikia moja. Waumini wa pale wanamshukuru mpaka leo, kimoyomoyo.

Uzee ulimkera kuliko siasa. Ukimwita bibi, ananuna. Usipomwita bibi, anauliza wazazi wako walikufundisha nini. Fimbo alikataa, akawa anatembea na mwavuli, jua, mvua, hata ndani ya nyumba. "Goti ndilo linaamka kwanza," alisema. "Mimi nafuata. Tunabishana mpaka saa nne." Kwenye zahanati moja wakamwonyesha dirisha la wazee. Akakuta foleni ndefu kuliko zote, vijana watupu, siku ile wote wamezeeka. Akarudi akachekwa wiki nzima.

Nguvu lakini alikuwa nazo. Mwaka ule wa mvua nyingi, kiboko alitoka mtoni Sitalike, akafuata barabara mpaka Kawajense, akaingia kwenye mchicha wa Bibi. Bibi akatoka na kandambili mkononi. "Bustani hii ina mwenyewe." Kiboko akainamisha kichwa, wapendwa. Akarudi kinyumenyume, asikanyage hata tuta moja. Denis, acha kucheka.

Sasa nifike kwenye lile sharti, lilitoka wapi.

Lilitoka msibani. Marehemu simtaji, watoto wake wananisikiliza. Ukasomwa wasifu: mpole, mkarimu, mpenda watu. Bibi akamgeukia Épiphanie. "Tumekosea msiba?"

"Hapana, dada."

"Huyu ni yule aliyehamisha mpaka wa shamba mara nne?"

"Nyamaza, dada. Ndiye."

Hapo akasimama Machibya, mtani wa marehemu. Amevaa koti la marehemu na kofia ya marehemu. Anatembea kama marehemu, jembe begani, akiangalia huku na huku. Kisha akaanza kuhamisha viti vya waombolezaji, kimoja kimoja, akimega ardhi ya jirani. Watu walicheka mpaka machozi, na machozi yale yakageuka yakawa ya kweli. Kisha akalala mlangoni. Jeneza halipiti mpaka mtani alipwe. Wakampa kuku, akaondoka, mzee akazikwa.

Bibi akarudi nyumbani na Épiphanie. Halafu akasema, "Katika watu wote leo, aliyemzika yule mzee ni Machibya. Wengine walizika mtu mwingine." Kesho yake akamwita uani kwake. "Na mimi nataka mtani."

"Bibi, utani haununuliwi. Unatoka kwa babu zako."

"Babu zangu walikuwa Waswidi."

"Hao sijui wanataniana na nani."

Lilimsumbua, wapendwa. Siyo mzaha. Alisema hataki kuzikwa kama mtu mwingine. Ndipo upande wa pili wa uzio jogoo akawika, saa tano mchana, bila sababu yoyote. Bibi akageuka polepole. Akamnyooshea mwavuli mwenye jogoo. "Yule. Ananiudhi kila siku tangu nifike. Huyo atanitosha."

Machibya akafikiri, akasema kwa shida kama hii babu zetu wangekubali. Basi ikawa hivyo, na papo hapo Bibi akatoa lile sharti la redioni.

Niseme kidogo kuhusu huyo jirani. Ni mstaafu mmoja, mzee wa heshima, kwa umri wake bado mtanashati. Jina si muhimu. Jogoo wake anaitwa Diwani, kwa kuwa anaongea saa zote. Jogoo mwenye adabu, rangi ya kahawia, mkia kama upinde. Kosa lake ni moja. Bibi alikuwa anasali alfajiri, kizingitini, kwa sauti, kwa Kiingereza chake. Épiphanie hakuelewa maneno, lakini anasema malalamiko yanajulikana kwa lugha yoyote. Bibi akifika katikati, Diwani anawika. Bibi anamwambia neno. Kisha anaanza sala upya toka mwanzo, Mungu asije akadhani lile neno lilikuwa ni sehemu ya sala.

Miaka kumi na miwili. Kila alfajiri.

Mwezi uliopita uvumilivu ulimwisha. Akamrushia Diwani kandambili, ikampata mguuni, akachechemea. Jirani yake, kwa uungwana wake, alisamehe palepale. Siku chache baadaye Bibi akaanguka, moyo. Akalala wiki moja. Akamwita jirani, na jirani akaenda mbio. Alikuwepo. Alimshika mkono, wakasameheana, Bibi akacheka, akafa Alhamisi saa sita mchana. Na siku ya mazishi mtani alisimama. Alivaa kofia ya Bibi, akachukua mwavuli wake, akatembea kama yeye, na watu wakacheka sana, wapendwa, watu wali...

Denis ananiashiria. Kuna simu.

"Haloo, uko hewani."

"Zima huo wimbo wa nyuma kwanza."

"Karibu, mama Épiphanie."

"Ya kiboko nakusamehe. Alikuwa ndama wa Machibya, na dada mwenyewe alipenda unavyoisimulia. Lakini huyo jirani. Mtanashati?"

"Mama, tuko hewani."

"Najua tuko hewani, ndiyo maana nimepiga. Huyo jirani ni wewe, Mzee Hilari."

Wasikilizaji wapendwa, hali ya hewa leo Mpanda ni...

"Niliitwa na dada Jumatatu: mwite Hilari. Nikaja. Ulisemaje?"

"Mama Épiphanie."

"Ulisemaje?"

"Nilisema kesho."

"Jumanne?"

"Kesho."

"Jumatano ulikuwa umekaa nje unamkanda Diwani mguu kwa maji ya moto. Nimekuona. Ukasema hivyohivyo. Na siku ya mazishi mtani hakusimama. Nilikuwa nimeshika kofia yake na mwavuli wake. Nikakutafuta kwa macho, umekaa nyuma kwenye masufuria, umeinamisha kichwa. Akasomewa wasifu: mpole, mnyenyekevu, msikivu. Msikivu, Hilari. Dada akazikwa kama mtu mwingine."

Wapendwa, redioni kimya hakiruhusiwi. Denis anajua. Hiki nimekiacha.

Ni kweli. Jirani ni mimi. Hilari ni mimi. Siku kumi na moja sikumsalimia mtu wa miaka sabini na tisa kwa sababu ya mguu wa kuku. Nilikuwa nataka anyenyekee kidogo. Siku ya mazishi ningesimama na uso gani?

"Simama sasa," akasema Épiphanie. "Mazishi yamepita, lakini watu wote wako kwenye redio."

Haya. Nimesimama, Denis ni shahidi, safari hii hatikisi kichwa. Mimi ni mtani wa Nyanzala. Huyu bibi alikuwa mbishi. Alikuwa na mdomo kama msumeno. Chai yake aliweka sukari kwa kuhesabu punje. Aliazima nyundo yangu mwaka wa kwanza, nikaidai mwaka wa nne akasema ilikuwa yake toka Ayowa. Alinisahihisha Kiswahili, mimi, yeye Mmarekani. Hakuniita mzee hata siku moja. Aliniita Hilari, kwa sauti, juu ya uzio, na toka afe hakuna anayeniita hivyo. Wote wananiita mzee. Huyo ndiye aliyekufa. Mpole hakuwa.

Kwenye simu nikamsikia Épiphanie anacheka, halafu hacheki tena.

"Sasa lipa," akasema.

"Mama Épiphanie, mtani analipwa. Halipi."

"Mtani aliyechelewa analipa. Lile sharti alilisema akikuangalia wewe. Jogoo alimchagua mwenyewe."

"Diwani bado anachechemea."

"Supu haijali. Na huna haja ya kumtafuta, yuko huku. Toka dada afe anapita kwenye uzio kila alfajiri, anasimama pale kizingitini kwake. Anawika, ananyamaza, anasubiri. Hakuna wa kumtukana. Njoo umchukue mwenyewe umlete jikoni. Utakuja lini?"

Nyie mnajua jibu lililonijia mdomoni. Nimelimeza.

"Leo. Nikitoka hapa."

Pole nyingi kwa Beti kule Ayowa, ambaye mazishi aliyaona kwenye simu iliyokuwa inakatika. Pole kwa mama Épiphanie, aliyemuuguza mwanzo na mwisho. Pole kwa Machibya na familia, na kwa Kawajense nzima, ambako sasa mikutano itachelewa bila mtu wa kutuona. Malini Stutzman, Bibi Nyanzala, miaka sabini na tisa. Arobaini ni Jumamosi ijayo, saa tatu. Kwa heshima yake, saa tatu.

Na wewe unayenisikiliza, kama kuna mtu alikuita wiki hii ukamwambia kesho, usinisubiri nimalize. Zima redio. Mimi mwenyewe nimeshavua vipokea sauti. Denis, weka wimbo mrefu, naenda Kawajense kukamata jogoo.