Lakica Obwona, Aliyenawa Kabla ya Kazi

Wengi hunawa mikono wakimaliza kazi. Marehemu Lakica Obwona alinawa kabla, kwa sabuni, mpaka kwenye viwiko. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mdogo wake, Okwir, alilitambua kwake, na leo litangulie kusemwa, kwa sababu mikono hiyo imesingiziwa.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1989 katika kambi ya polisi ya Naguru, kifungua mimba wa Sajini Obwona na Mama Alanyo. Alisoma shule ya msingi papo hapo Naguru, na mwaka 2011 alihitimu stashahada ya uhandisi mitambo katika chuo cha Kyambogo.

Mwaka uliofuata aliajiriwa na kiwanda cha sabuni kutunza pampu. Kazi yake hasa ilikuwa sili: pete mbili laini kama kioo, moja ikizunguka na shafti, yaani mhimili wa pampu, nyingine ikitulia. Zikikaa sawasawa, dawa ya moto ya kutengenezea sabuni, ile inayobabua ngozi, haitoki. Mchanga au jasho la kidole huziharibu. Ndiyo maana alinawa. Na pete zilizokwisha kuzoeana, zikitenganishwa, hazirudishwi. Hufungwa mpya, zote mbili.

Mumewe, Katembo wa Butembo, alikutana naye katika duka lake la vipuri Nakivubo.

"Dada, hii ni orijino kabisa."

"Orijino gani? Rangi yake imebaki mkononi."

"Basi mwambie fundi wako aje mwenyewe."

"Ameshakuja. Anauliza kama una maji ya kunawa."

Walifunga ndoa tarehe 6 Desemba 2014. Katembo alizoea kusema kwamba katika nyumba ile yeye ndiye pete inayotulia.

Wasifu huwa na aya ya ugonjwa. Marehemu hakuugua. Aliunguzwa. Sili ya pampu moja ilianza kuvuja. Akaisimamisha pampu, akaifungua, akaagiza sili mpya kwa Katembo.

"Zipanguseni hizo hizo mzirudishe," msimamizi aliamuru. "Si zinang'aa?"

"Zinang'aa, bosi, lakini zimekufa," Lakica alijibu, akakataa.

Asubuhi ya tarehe 19 Agosti 2025 Katembo alimpigia simu kwamba sili imefika. Lakica aliingia kiwandani na habari hiyo njema, akaikuta pampu aliyoisimamisha inanguruma. Alipiga kelele, "Zimeni!" Kabla haijazimwa, dawa ilimrukia. Alifariki hospitalini tarehe 22.

Kampuni inasema fundi alifunga sili mpya kwa mikono michafu. Michafu! Sili mpya haijafika kiwandani. Iko kwenye boksi lake, utepe haujakatwa, na Katembo ameishika hapa kando ya kaburi.

Ameacha mume, watoto wawili, Abwola na Guerschom, wazazi wake, na mdogo wake Okwir.

Jumatano ijayo polisi wataifungua pampu ile mbele ya familia. Tutaona ndani mna sili gani.

Apumzike yeye kwa amani. Sisi tunaisubiri Jumatano.