Diski ya Pili Kutoka Kulia

Benchi letu ni taruma la reli lililowekwa juu ya matofali mbele ya studio ya Ndiaga, mtaa wa nyuma ya karakana ya treni hapa Thiès. Linabeba watu wanne wakikaa kwa heshima, sita wakibishana. Kahawa ya Touba huuzwa hatua tano kutoka hapo, na asubuhi ile ya Jumatatu kila mtu alikuwa na kikombe mkononi Ndiaga alipotoka amebeba sanduku lake la diski kama mtu aliyebeba kuku mgonjwa. Aliliweka kivulini, akakaa chini. Hakusalimia.

Habari tulikuwa nayo tangu Jumamosi. Ndiaga amepiga video za harusi, za watoto kupewa majina na za maziko ya mtaa huu kwa miaka kumi na mitano, na zote alizitunza ndani ya sanduku hilo. Lina diski nne. Kila picha imegawanywa katika zote nne, kwa namna kwamba ikifa moja, tatu zinabeba mzigo. Zikikosekana mbili, hakuna kitu.

Jumamosi hiyo sanduku lilianza kulia na kuandika kwamba diski namba mbili inaumwa. Ndiaga akachomoa ya pili kutoka kulia. Sanduku lilihesabu kutoka kushoto. Alichomoa diski nzima, akaiacha iliyokuwa ikiumwa ndani, kisha ile nzima akaichomeka kwenye kompyuta. Kompyuta ikamuuliza kama aifute na kuiandaa upya. Akakubali.

Tulimuuliza mara nyingi kwa nini kulia, na jibu lake halikubadilika.

— Chai inaanzia kulia. Bakuli linaanzia kulia. Msikitini naingia na mguu wa kulia. Hilo sanduku lilitaka nianzie wapi?

— Lilitaka usome, alisema Waziri.

Waziri hajawahi kuwa waziri. Alimwendesha waziri mmoja kwa miezi kumi na moja, na tangu wakati huo huongea kama mtu anayesubiriwa na mkutano.

Kwenye kizingiti cha studio alikaa Yaye Dior, siku ya tatu sasa. Mumewe, Mzee Massamba, alizikwa mwezi uliopita, na arobaini yake ilikuwa Alhamisi. Hakutaka video zote. Alitaka moja, ya siku Mzee alipomwoza binti yao Ngoné msikitini. Hapa kwetu ndoa hufungwa na wanaume baada ya sala ya alasiri; bibi harusi na mama yake hubaki nyumbani na masufuria. Kwa hiyo maneno ambayo mumewe aliyasema kumwoza mtoto wao, Yaye Dior hakuwahi kuyasikia. Wa kwanza kumuuliza kwa nini hakuitazama ile video miaka yote hiyo alikuwa Dizeli, na alijibiwa hapohapo.

— Mwenyewe alikuwa ndani ya nyumba. Video ya nini?

Dizeli alitengeneza injini za treni miaka thelathini na moja. Hakuna kitu duniani ambacho hakifanani na injini ya treni.

— Ndiaga, mdogo wangu, alisema, picha ni kama mafuta. Zikikaa bila kutikiswa, zinatuama. Lipindue sanduku. Mtaka cha mvunguni huinama.

— Methali hiyo inamhusu mtu, kaka, alisema Waziri. Haihusu sanduku.

— Na sanduku lina mvungu au halina?

Ndiaga alikuwa ameshalipindua Jumamosi. Aliliwasha likiwa limepinduliwa, likalia kwa sauti nyingine, na Dizeli alihesabu hayo kuwa maendeleo. Jumapili ikawa zamu ya Barafu, ambaye anauza barafu na vifuko vya juisi ya bisapu kwenye kona. Yeye alishikilia kwamba diski ina homa tu. Aliilaza kwenye friza lake saa mbili nzima, katikati ya vifuko. Diski ilitoka inanuka sukari, na kimoja cha vifuko kilikuwa kimepasuka juu yake. Kila shauri lilimaanisha kuwasha tena. Niliuliza mara ngapi. Ndiaga alisema kumi na moja.

Asubuhi hiyo Waziri alileta lake. Alieleza kwamba kila diski inayouzwa Afrika ina pacha wake ng'ambo, kiwandani, na chochote tunachoandika hapa kinajiandika kule. Alikuwa ameliona jambo hilo kwa macho yake, ndani ya gari la serikali. Kilichohitajika ni barua yenye muhuri.

— Muhuri wa nani? aliuliza Barafu.

— Wa mamlaka husika.

— Basi video ya mtoto wangu kupewa jina, Wazungu wanaitazama?

— Wakipata nafasi.

Barafu alifikiri, akasema angalau ng'ambo kuna baridi, diski haziumwi. Akaongeza kwamba kibaya chajitembeza, na ndiyo maana diski mbovu hupiga kelele, ila ya Ndiaga ililia ikiwa bado changa, kwa hiyo ilikuwa nzuri. Hakuna aliyemfuata hadi mwisho wa hoja hiyo, lakini wawili waliitikia kwa vichwa.

Dizeli hakutaka kuachwa nyuma. Akaweka kikombe chini.

— Nitasema ambalo hamtaki kulisikia. Picha ni ya mwenyewe. Mtu akifa, inamfuata. Hilo sanduku lilikuwa na afya mpaka Mzee Massamba alipozikwa.

Yaye Dior hakugeuza hata shingo.

— Mume wangu, Dizeli, hakuwahi kumfuata mtu bila kusubiriwa saa nzima. Usimsingizie haraka.

Ndipo aliposhuka msichana kutoka kwenye gari la Dakar, na begi moja begani. Alikuwa Seynabou Thior, aliyeitwa kwa simu na mpwa wa Ndiaga. Kufufua diski ndiyo kazi yake. Waziri alimkaribisha na kumuuliza fundi mwenyewe atafika saa ngapi. Alijibu kwamba fundi amefika na angependa meza na umeme usiokatika.

Tulihamia mlangoni, kila mtu na ushauri wake. Aliuliza nini kimefanyika tangu siku ya kwanza, na Ndiaga alimweleza, kwa uaminifu ambao sisi hatukuufurahia: kupinduliwa, friza, mara kumi na moja. Seynabou aliinusa diski. Aliipangusa sukari kwa kitambaa, na kitambaa hicho kilimkera Barafu kuliko tusi.

Kisha alimwambia Yaye Dior, si sisi, jinsi mambo yalivyo. Diski iliyofutwa haina msaada. Zilizobaki ni mbili nzima na hiyo mgonjwa, na tatu zinatosha, kwa muda ambao mgonjwa atapumua. Angesoma tu, asingeandika chochote juu yake. Kunakili zote kungechukua saa kumi na nane.

— Mgonjwa huyu hana saa kumi na nane, mama. Ana moja, labda nusu. Nitamwomba kitu kimoja.

— Unakijua ninachokitaka.

— Nakijua. Ila humu kuna mafaili zaidi ya elfu mbili, na yana tarehe tu, hayana majina. Orodha ya majina iko wapi?

Ndiaga alisema orodha ilikuwa ndani ya sanduku.

Seynabou aliwasha. Diski ilianza kugonga polepole, kama mtu anayefyonya.

— Harusi ilikuwa lini?

Sote wanne tulikuwa msikitini siku ile. Waziri alisemea upande wa bwana harusi. Barafu alibeba kola, zile kokwa za kugawiwa wageni. Dizeli alikaa safu ya pili, nami pembeni yake, nikala kola mbili.

— Ilikuwa mwaka wa uchaguzi, alisema Waziri.

— Uchaguzi upi? aliuliza Dizeli. Wa meya au mkubwa?

— Ule wa mafuriko.

— Mafuriko hayapigiwi kura, bwana.

Wakaanza. Diski iligonga, ikanyamaza, ikagonga. Yaye Dior aliinuka kutoka kizingitini.

— Mjukuu wangu wa kwanza ana miaka kumi na mmoja, rudi mwaka mmoja nyuma. Mvua ilinyesha, viti vya kukodi tuliviingiza ndani. Na ilikuwa Alhamisi. Jioni ile nilifua kanzu ya mume wangu, ilikuwa na doa la kola, na aliitaka kwa sala ya Ijumaa.

Seynabou alihesabu kwenye simu. Alhamisi za majira ya mvua ya mwaka ule zenye faili zilikuwa tatu. La kwanza lilikuwa la mtoto kupewa jina. Alilifunga mara moja. La pili lilichelewa. Kioo kilionyesha mkeka, mguu wa mtu, kisha rangi ya kijivu, na picha haikurudi tena. Sauti ilikuja.

Ilikuja na watu wawili karibu kabisa na kamera. Mmoja alikuwa anaeleza kwamba feni ya msikiti imefungwa kinyume, kwamba inavuta joto badala ya kulisukuma, na kwamba kwenye treni kosa hilo lingemfukuzisha mtu kazi. Wa pili alisema angemjulisha waziri. Chini yao, mbali, mzee mmoja alikuwa anasema jambo taratibu. Lilisikika jina la Ngoné, na neno moja baada yake, kisha feni tena.

— Huyo wa chini ndiye, alisema Yaye Dior. Aliweka sikio kwenye spika na kufumba macho. Wengine nyamazeni.

Hakuna aliyekuwa anaongea, isipokuwa waliokuwa ndani ya spika. Seynabou alibonyeza kitu, akajaribu kuwashusha sauti, hawakushuka. Diski iligonga mara tatu ikakoma. Zilikuwa zimeokoka sekunde arobaini.

— Hizi sauti za juu nitajaribu kuziondoa Dakar, alisema, lakini ningesaidika kuzijua. Hawa wawili ni akina nani?

Dizeli alikuwa anatazama barabara. Waziri alikunywa kutoka kwenye kikombe kilichokwisha muda mrefu.