Laptopu Iliyopasuliwa na Kamati

Jumatatu tarehe 25 Agosti 2008, saa nane mchana, Wanyoike aliweka laptopu ndogo kwenye benchi lililo mbele ya duka la Tanveer, mjini Nakuru, akasema anataka iwe na Linux na Windows, zote mbili. Benchi lenyewe ni ubao mmoja juu ya kreti za soda. Hapo ndipo Mathe Adero huuza kahawa kutoka kwa thamosi, na hapo ndipo wanaume wa mtaa hutatua mambo ambayo hawajaulizwa. Wanyoike ni mpiga picha wa harusi. Benchi humwita Kamera. Laptopu alitumiwa na dada yake aliye Uingereza, ikaja na Linux peke yake. Programu ya kupanga albamu, aliyokuwa nayo kwenye CD, ilitaka Windows. Na ndani ya laptopu hiyo, wala si kwingine popote, mlikuwa na picha za harusi ya Shiko na Kiprono. Kadi ya kamera alikuwa ameshaifuta ili apige harusi ya Jumamosi iliyofuata, kama afanyavyo kila wiki.

Shiko ni wa Kabazi. Watu wa Kiprono wako juu, upande wa Sachangwan. Tangu ghasia za uchaguzi za Januari familia hizo hazikuwa zimeketi pamoja, na hata kwenye harusi kila moja ilikula chini ya hema lake. Lakini baba ya Shiko na babu ya Kiprono walikubali kusimama bega kwa bega mbele ya kamera. "Hii ni mara moja," mzee wa Sachangwan alisema, na Wanyoike akabonyeza. Shiko angepita jioni na flashi yake ya kompyuta kuichukua hiyo picha, kama albamu haingekuwa tayari.

— Hebu nione hicho kitoto, akasema Gathogo, mmoja wa wanaume wa benchi.

Benchi humwita Saveya, yaani mpima ardhi. Miaka ya nyuma, shamba moja la mzungu likigawanywa huko Subukia, alishika ncha ya tepu. Ilikuwa ile ncha isiyosomwa. Akaigeuza laptopu juu chini.

— Mahali pa CD ni wapi?

— Haina, akajibu Wanyoike.

— Sasa inakula aje?

— Kwa mpira, kama mgonjwa, akasema Tanveer, akatoka dukani na kisanduku cha kusomea CD chenye waya. Lakini ngoja, boss. Kwa hii karatasi yake ya garanti wameandika ukiweka kitu kingine, wenyewe hawatakusaidia.

— Mwaka huu ni nani amesaidiwa na wenyewe?

Huyo alikuwa Wasike. Mwezi wa tatu aliteuliwa katika kamati ya amani ya mtaa. Kamati ilikutana, ikanywa soda, ikaisha, lakini beji bado iko kwenye koti lake. Jina lake sasa ni Kamati.

— Tufanye hivi, Saveya akasema. Hii ni shamba. Linux iko hapa kutoka mwanzo. Windows ni mgeni anataka kujenga. Kazi ni kupasua shamba, kuweka bikoni za mpaka, basi.

— Na mgeni anapewa ngapi? akauliza Tanveer. Huyu wa Windows ni mtu wa kula sana.

— Nusu kwa nusu, akasema Kamati.

— Diski yenyewe ni gigabaiti nne, Kamati. Ukikata nusu hakuna atakayegeuka kitandani.

— Nusu kwa nusu! Si hata serikali ya pande mbili ni nusu mkate, na bado iko?

— Iko, akasema Mathe Adero akimimina. Mawaziri wakapatikana wengi hadi viti vikaisha. Kunywa kahawa yako.

Wanyoike alikuwa akifikiria wazee wawili ndani ya kile kitu cha plastiki.

— Na picha zangu? akauliza. Si zitaguswa?

Saveya akamwangalia kama mtu aliyeuliza kama jua litachomoza kesho.

— Kamera, skiza. Ukipasua shamba, miti inang'oka?

— Haing'oki.

— Nyumba ya mtu inahama?

— Hapana.

— Kila kitu kinabaki pale kilikuwa kimesimama. Sisi tunapitisha laini katikati tu. Picha ziko kwa Linux, zitaamka kwa Linux.

Tanveer akakuna kidevu. Alisema ana CD tupu huko ndani, na kompyuta ya duka ina uwezo wa kuzichomea picha. Picha zingetolewa kwanza, laptopu ipasuliwe baadaye. Akainuka nusu. Ilikuwa kazi ya kikombe kimoja cha kahawa.

— Keti, Tanveer, Kamati akasema, na sauti yake ikawa ile ya mkutanoni. Mtu akianza kutoa vitu vyake nje kabla ya shamba kugawanywa, anaambia jirani nini?

Akajijibu mwenyewe.

— Anamwambia, mimi sikuamini. Hivyo ndivyo mambo huanza. Januari si mliona malori? Godoro juu, meza juu, kuku juu. Kwani tumerudi huko? Kamera, wewe huamini hii benchi?

Watu watatu wakamtazama Wanyoike. Wiki mbili nzima mwezi wa kwanza alikuwa amelala kwa Kamati, kwenye kochi, wakati mtaa wake haukuingilika. Akatazama kikombe chake.

— Naamini, akasema.

— Basi. Tanveer, keti.

Tanveer akaketi.

CD ikaanza kuzunguka. Skrini ikawa ya buluu, na mjadala ukapamba moto. Saveya alisema Linux ikalie upande wa juu, kwa sababu maji ya mvua huteremka na uchafu wa Windows utaelekea chini. Tanveer alisema virusi vya Windows huruka ua wakati wa chaji, kwa hivyo laptopu ichajiwe mchana tu, watu wakiona. Kamati alitaka kujua, mashine ikiwashwa, jina la nani litatajwa kwanza.

— Ya kwanza kwa orodha, akasema Tanveer.

— Hapo kutakuwa na shida. Aliye wa pili atasema ameonewa. Ziwe za zamu. Leo huyu, kesho yule.

— Na Jumapili?

— Jumapili izimwe, tuombe.

Skrini ikatulia. Ilikuwa na maneno ya Kiingereza na swali. Saveya akasoma kwa mdomo, polepole, kisha akasoma tena.

— Inasema nini? akauliza Wanyoike.

— Inasema ukipasua hapa, vyote vilivyomo vitapotea. Bonyeza L kama umekubali.

— Vyote?

— Hiyo ni lugha ya mawakili, Kamera. Kila karatasi ya shamba iko na hayo maneno, ndio wasishtakiwe. Ungekuwa unayaamini, hakuna mtu angenunua ploti hii Nakuru.

— Wangapi wanakubali? Kamati akauliza, na mkono wake ulikuwa umeshapanda.

Saveya akainua wake. Tanveer akatazama barabara, kisha akainua kikombe, na hiyo ikahesabiwa kama mkono. Wanyoike akabonyeza L yeye mwenyewe, kwa kidole kile kile anachobonyezea kamera.

Kuanzia hapo kazi ilikwenda vizuri. Windows iliingia nusu yake. Linux ikarudishwa nusu ya pili kutoka kwa flashi ya Tanveer. Kurudishwa huko kulimfanya Wanyoike aulize, maana kitu ambacho hakijaondoka hakirudishwi, lakini Saveya alisema ni kupaka rangi tu. Kabla ya saa kumi na moja mashine ilizimwa ikawashwa. Majina mawili yakatokea kwenye skrini, moja juu ya jingine, yakingoja mtu achague.

Benchi likapiga makofi. Kinyozi wa upande wa pili wa barabara akatoka kuangalia ni nani amekufa.

— Mnaona? Kamati akasema. Mnaona watu wakikaa chini?

Wanyoike akachagua Windows, akaingiza CD ya albamu. Mashine ikajibu kwamba nafasi haitoshi.

— Hayo ni ya kesho, Saveya akasema haraka. Leo tumeweka mpaka.

Ndipo Shiko akafika, ametoka kazini, mkoba begani na flashi mkononi.

— Sasa? Mathe, shikamoo. Kamera, nimepita kuchukua ile picha ya wazee. Baba ameniuliza juu yake tena jana. Ameshatafuta hata msumari wa kuitundika.

— Ngoja uone kazi, Kamati akamwambia, akamsogezea laptopu. Hapa kuna pande mbili. Hii Windows, hii Linux. Hazijagombana hata kidogo.

Shiko akaitazama skrini.

— Sawa. Picha iko upande gani?

Wanyoike akafungua upande wa Windows. Kulikuwa na kilima kijani na mbingu. Akazima, akachagua Linux, akafungua folda ya picha. Haikuwa na kitu. Akaifunga, akaifungua tena.

Saveya akainama mpaka pua ikakaribia skrini.

— Labda iko kwa mpaka, akasema. Hapo pa bikoni huwa kunabaki kajinafasi.

Kamati akasema jambo hili linahitaji kikao kidogo. Tanveer akainuka. Aliingia dukani, akatoka na CD tupu ikiwa bado kwenye plastiki yake, akaiweka kwenye benchi karibu na Wanyoike.

— Nauliza tu, akasema Shiko. Iko upande gani?

Mathe Adero akainamisha thamosi juu ya kikombe cha Kamati. Hakikutoka kitu. Akaifunga.

Shiko aliirudisha flashi kwenye mkoba na kuondoka kuelekea steji ya Subukia. Saa kumi na mbili Tanveer alifunga duka. Wakati huo laptopu ilikuwa bado kwenye benchi, imewashwa, ikionyesha majina mawili, na Wanyoike alikuwa hajachagua.